Kiini kinaishia wapi, na HAL inaanzia wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimejiandikia kiini (kernel, sehemu inayogawa zamu za kazi) kidogo cha mfumo pachikwa kwenye chipu ya STM32F103. Kinaendesha kazi tatu kwa zamu, kina pigo la saa la kila milisekunde 1, na kazi mojawapo inawasha na kuzima LED iliyoko kwenye pini PC13. Mipangilio ya saa ya chipu sijaigusa, nimeiacha kama inavyoamka. Juzi nilihamishia programu ileile kwenye STM32F407. Kwenye debaga naona kazi zinapokezana vizuri, ila LED haiwaki na muda unakwenda mara mbili ya kawaida. Nikajaribu chipu ya RISC-V, yenye usanifu mwingine wa kichakato, huko programu haikukubali hata kujengwa. Kila ninayemuuliza ananiambia niweke HAL, yaani tabaka la msimbo linaloficha tofauti za vifaa. Je, niandike yangu au nichukue ya mtengenezaji? Na mpaka kati yake na kiini uko wapi hasa?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza hongera. Aliyeandika kwa mkono wake msimbo wa kubadilisha kazi, akauona unatembea, ameshavuka mahali ambapo wengi hukwama. Na swali lako limekuja na jibu lake ndani. Majaribio yako mawili hayakushindwa kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo mpaka unaoutafuta.

Tuanze na LED. Kwenye F103, bandari C ya pini inaanzia anwani 0x40011000. Fungua mwongozo wa F407 uitafute anwani hiyohiyo: utaikuta ni ya USART1, kifaa cha mawasiliano. BSRR, rejista (sehemu ya kumbukumbu inayoongoza kifaa) uliyokuwa ukiiandikia ili pini ipande au ishuke iko hatua 0x10 kutoka mwanzo wa bandari. Kwenye USART1, hatua hiyo ni rejista ya CR2, na biti ya 13 humo ni sehemu ya mpangilio wa biti za kusimama. Maana yake, kama USART1 ingekuwa imewashiwa saa yake, kazi yako ya LED ingeshinda ikigeuza mawasiliano kutoka biti 1 ya kusimama kwenda 2 na kurudi tena. Kwa kuwa haikuwashwa, ulichoandika kilipuuzwa. Hakuna ujumbe wa kosa wala programu iliyosimama, ni kimya tu. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu kimya cha namna hii ndicho kinachokula siku za watu katika fani yetu.

Hata ungerekebisha anwani, usingefika mbali. F103 hupanga kila pini kwa biti 4, pini 0 hadi 7 katika CRL na 8 hadi 15 katika CRH. F407 ina MODER yenye biti 2 kwa kila pini, halafu aina ya towe, kasi na vikinzani vya kuvuta vina rejista zake. Kwenye F103, ukitaka pini ya kupokea ivutwe juu au chini, unachagua kwa kuandika ODR, ileile rejista ya kutoa. Kwenye F407 ODR haina kauli yoyote juu ya jambo hilo, PUPDR ndiyo inayoamua. Mtengenezaji ni mmoja na pini inaitwa jina lilelile, lakini kinachotokea ndani ni kitu kingine kabisa.

Sasa tazama muda. Kihesabio cha SysTick kiko anwani 0xE000E010 kwenye chipu zote mbili, maana hakikuwekwa na mtengenezaji wa chipu. Ni cha Arm, kampuni iliyobuni kichakato, na kimo ndani ya kichakato chenyewe. Ndiyo sababu pigo lako la saa halikufa. Ila F103 huamka ikitumia saa yake ya ndani ya MHz 8, na F407 huamka na MHz 16. Wewe uliweka 7999 kwenye kihesabio, hesabu ikawa ileile, mwendo ukawa maradufu. Kihesabio ni cha kichakato, lakini kasi yake ni habari ya chipu, na kiini chako kilikuwa kimeyabeba yote mawili katika tarakimu moja.

Na kazi zako ziliendelea kupokezana kwa sababu Cortex-M3, kichakato cha F103, na Cortex-M4, cha F407, hubadilishana kazi kwa njia moja. Katizo (ishara inayokiachisha kichakato kazi kwa muda) likiingia, kichakato chenyewe husukuma maneno 8 ya biti 32 kwenye rundo (stack) la kazi: R0 hadi R3, R12, LR, PC na xPSR. Wewe kwenye PendSV, katizo la kubadilishia kazi, ukamalizia R4 hadi R11. Angalia tu kwamba F407 ina kitengo cha hesabu za desimali. Siku utakapokiwasha, fremu hiyo itakua na itakubidi uhifadhi S16 hadi S31 kwa kazi inayokitumia, la sivyo namba zitachafuka mara mojamoja, kasoro isiyokubali kurudiwa kwa makusudi. RISC-V haina lolote kati ya hayo. Katizo likija, vifaa huweka anwani ya kurudia kwenye mepc na sababu kwenye mcause, basi. Rejista za kazi ni juu yako kuzihifadhi zote. Ndiyo maana msimbo wako wa asembli ulikataliwa mlangoni.

Kwa hiyo unapoambiwa “weka HAL”, unaambiwa mambo matatu kwa jina moja. Kuna kinachotegemea usanifu wa kichakato: kubadilisha kazi, kuzima na kurudisha makatizo, pigo la saa. Kuna kinachotegemea chipu: pini, njia za mawasiliano kama UART na I2C, saa na mgawanyo wake. Na kuna kinachotegemea bodi: LED iko pini gani, kristali ya saa ni ya MHz ngapi, taa inawaka pini ikiwa juu au ikiwa chini. Bodi nyingi za F103 zenye LED kwenye PC13 huiwasha pini inaposhuka sifuri, na hilo halihusiani na F103 hata kidogo, ni uamuzi wa aliyechora bodi. eCos, mfumo uliotoka Cygnus Solutions miaka ya mwisho ya 1990, uliipanga HAL yake kwa ngazi hizihizi: usanifu, aina ya chipu, kisha jukwaa. Mgawanyo huo bado ni mzuri, na ningekushauri uuanze leo kwa mafolda matatu hata kama kila moja litakuwa na faili moja tu ndani.

Kiini kinahitaji mengi kutoka tabaka la usanifu? Hapana, machache mno. Kinahitaji kuandaa rundo la kazi mpya lionekane kama kazi iliyokwisha katizwa, kuanzisha kazi ya kwanza, kuomba mabadilishano, kufunga na kufungua makatizo, kupata pigo la saa, na kulala pasipo na kazi. Angalia FreeRTOS, kiini kilicho tayari: moyo wake ni tasks.c, queue.c na list.c, na karibu kila kinachohusu kichakato fulani kimewekwa kwenye port.c na portmacro.h. Ukiona faili lako la usanifu linavimba, mara nyingi kuna uamuzi wa kiini umejipenyeza humo. Utafute uamuzi huo, uurudishe kwenye kiini.

Neno moja kuhusu kufunga makatizo. Usiweke fanksheni mbili za “zima” na “washa”. Weka inayozima na kukurudishia hali iliyokuwepo, na nyingine inayorejesha hali hiyo. Ukiwa na “washa” tupu, sehemu nyeti (msimbo usiopaswa kukatizwa) iliyo ndani ya sehemu nyeti nyingine itafungua makatizo mapema, na wa nje hatajua. Umbo hilo linahama bila shida pia: kwenye M3 na M4 unaweza kutumia BASEPRI ukayaacha makatizo ya dharura wazi, Cortex-M0 haina BASEPRI kwa hiyo utatumia PRIMASK, na RISC-V ni biti ya MIE ndani ya mstatus. Kiini hakihitaji kujua lipi kati ya hayo limetumika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kama ungechukua moja tu kutoka kwangu, ningependa liwe hili: kusubiri ni kazi ya kiini. HAL isisubiri.

Chukua UART. HAL nyingi zinakupa fanksheni ya kutuma unayoipa data, urefu na ukomo wa muda, nayo hurudi ikishamaliza. Inavutia, na ukiwa na programu isiyo na kiini inafaa kabisa. Lakini piga hesabu. Kwa kasi ya 115200, kila baiti inachukua biti 10 ukihesabu ya kuanza na ya kusimama. Baiti 100 ni biti 1000, yaani karibu milisekunde 8.7. Kwa MHz 16, hiyo ni mizunguko takriban 139,000 ambayo kichakato chako kinaitumia kuuliza bendera moja, “tayari? tayari? tayari?” Kazi yenye kipaumbele cha juu ikituma mstari mmoja wa taarifa, kazi zote zilizo chini yake zinasimama kwa mapigo 8 hivi ya saa yako. Umeandika kiini ili kazi zipokezane, halafu tabaka la chini limekunyang'anya zamu bila kukuambia.

HAL inayofaa kuishi na kiini ina sura nyingine. Inaanza kutuma, inarudi hapohapo, na ikimaliza inakujulisha ndani ya katizo kupitia fanksheni uliyoipa. Ndani ya fanksheni hiyo unaachia semafo, ishara ya kiini ambayo kazi huweza kuingoja. Kazi iliyotaka kutuma imelala kwenye semafo hiyo, na muda wote huo wengine wanafanya kazi zao. HAL haikujua kwamba kuna semafo, na kiini hakikujua kwamba kuna UART. Aliyewakutanisha ni kiendeshi, tabaka jembamba lililo juu ya wote wawili. Wengi hawaliwazii tabaka hili, nami naliona ndilo linaloamua kama mfumo utahamishika au la.

Nakumbuka kifaa kimoja nilichoitwa kukitazama, kilikuwa kinaganda kitufe kikibonyezwa. Si kila mara, mara moja moja. Katizo la kitufe lilikuwa linasoma kihisi kupitia HAL waliyoikuta tayari. Ndani ya usomaji huo, pale tu kihisi kilipochelewa kujibu, HAL iliita fanksheni ya kuchelewesha, nayo ilikuwa inangoja kihesabio cha milisekunde kiongezeke. Kihesabio hicho huongezwa na katizo la saa. Na katizo la saa lilikuwa limepewa kipaumbele sawa na la kitufe, kwa hiyo halingeweza kuingia hadi la kitufe liishe. La kitufe linangoja saa, saa inangoja la kitufe liondoke. Tulimaliza siku mbili tukichunguza nyaya na umeme kabla mmoja wetu hajasimamisha debaga wakati kifaa kimeganda na kuona PC, rejista inayoonyesha amri inayotekelezwa, inazunguka ndani ya mistari mitatu ya kuchelewesha. Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Kila fanksheni, ukiisoma peke yake, ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa ni kwamba tabaka la chini lilikuwa na desturi ya kungoja, na desturi hiyo haikuandikwa popote kwenye jina la fanksheni.

Kufuli nazo zina hadithi hiyohiyo. HAL zilizo tayari hulinda basi (nyaya za mawasiliano zinazotumiwa na wengi) la I2C au SPI kwa bendera yao wenyewe; ukija ukalikuta linatumika, unarudishiwa jibu la “nina shughuli” nawe unajua la kufanya. Kiini hakioni lolote katika hayo. Hakijui nani ameshika basi, kwa hiyo hakiwezi kumsaidia aliyeshika amalize haraka. Mwaka 1997, chombo cha Mars Pathfinder kilikuwa juu ya sayari ya Mirihi kikijiwasha upya mara kwa mara. Kazi ndogo ya kukusanya data za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli, kazi za kipaumbele cha kati zikaichukulia zamu, na kazi kubwa iliyosimamia basi la data ikabaki inaingoja kufuli hiyo hadi muda wake ukapita. VxWorks, mfumo endeshi walioutumia, ulikuwa na dawa tayari: kufuli inayomwazima aliyeishika kipaumbele cha anayeingoja. Dawa hiyo ilikuwa imezimwa kwenye kufuli hiyo. Wahandisi waliikuta kasoro kwenye nakala ya chombo iliyokuwa Duniani, wakatuma badiliko la kuiwasha, na tatizo likaisha. Dawa hiyo inawezekana pale tu kufuli ni ya kiini. Kwa hiyo basi lako la I2C lilinde kwa kufuli ya kiini ndani ya kiendeshi, na HAL iache ibaki bila kufuli yoyote.

Uandike yako au uchukue ya mtengenezaji? Fanya vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Faili la mtengenezaji lenye majina ya rejista na anwani lichukue bila kusita. Kuandika anwani kwa mkono ndiko kulikokutuma USART1 ukidhani unakwenda kwenye LED. Pini, UART na taima andika mwenyewe. Ni mistari michache na utaijua chipu yako kwa undani. USB, Etheneti na redio usijaribu. Hayo yamejaa tabia za ajabu za silikoni ambazo mtengenezaji ameshazizunguka, na maisha ni mafupi. Tumia msimbo wake, ila uufungie ndani ya kiendeshi chako, ili jina la fanksheni yake lisionekane popote juu ya hapo. Nina kipimo chepesi: tafuta jina la chipu kwenye mafaili ya kiini na ya programu yako kuu. Likitokea hata mara moja, mpaka umevuja.

Kiolesura chenyewe kichore kutoka kwa anayekitumia. Usianze kwa kuuliza chipu ina nini, anza kwa kuuliza programu inahitaji nini. Programu inahitaji “tuma baiti hizi, nijulishe”, haihitaji kuchagua kama kila biti isomwe kwa sampuli 8 au 16. I2C inaonyesha vizuri kwa nini. Kwenye F103 na F407 kasi ya basi huwekwa kwa kigawanyo kimoja, CCR, pamoja na TRISE. Kwenye F7 ya mtengenezaji huyohuyo ipo rejista ya TIMINGR yenye vipande vitano ndani yake. Kiolesura kinachopokea “kigawanyo” kitakufa siku hiyo. Kinachopokea “kHz 100” au “kHz 400” kitaendelea.

Kuna waliokwishapita njia hii na inafaa uwasome, si lazima uwatumie. ChibiOS imetenga kiini na HAL kabisa, na katikati imeweka tabaka dogo linaloitwa OSAL, ambalo kupitia kwake HAL huomba kulala na kuamshwa. Kwa hiyo HAL hiyo inaweza kukaa juu ya kiini kingine, au pasipo kiini. Zephyr, iliyozinduliwa 2016 chini ya Linux Foundation, imeandika habari za bodi kwenye maandishi ya devicetree, na hilo la LED kuwaka pini ikiwa chini ni neno moja tu humo. Kwa upande wa lugha ya Rust kuna embedded-hal, iliyofika toleo la 1.0 Januari 2024, ambayo ni mikataba mitupu bila msimbo wa chipu yoyote. Ukiisoma utashangaa jinsi orodha ya ahadi inavyoweza kuwa fupi.

Usiogope sana gharama. Watu hukimbilia majedwali ya vielekezi vya fanksheni ili kubadilisha chipu wakati programu inaendelea, ilhali bodi yako haitabadilisha chipu ikiwa imewashwa. Chagua wakati wa kuunganisha programu: faili la F103 au la F407, majina yaleyale ndani. Kompaila ikiruhusiwa kuangalia mafaili yote kwa pamoja, kupandisha pini kunaweza kubaki kuandika rejista tu.

Kuhusu muda, acha HAL itoe vitu viwili: masafa ya saa kwa Hz, na kihesabio kisichorudi nyuma. Kiini kigawanye chenyewe, tarakimu 7999 isionekane tena. Kumbuka SysTick ina biti 24 tu. Kwa MHz 168, ambayo ndiyo kasi ya juu ya F407, haiwezi kuhesabu zaidi ya karibu milisekunde 100 kabla ya kuanza upya, kwa hiyo ukija kutaka usingizi mrefu wa kuokoa betri itakubidi taima nyingine. Na kihesabio cha milisekunde cha biti 32 hujaa baada ya siku 49.7. Linganisha nyakati kwa kutoa moja katika nyingine ukitumia namba zisizo na alama ya hasi, usiulize tu kama “sasa” ni kubwa kuliko “mwisho”.

Sasa kazi ya wiki hii. Kabla ya RISC-V, tengeneza tabaka jingine la usanifu, linaloendesha kiini chako kama programu ya kawaida kwenye kompyuta yako. Huko utajaribu foleni, semafo na kufuli mara maelfu bila kuchoma chipu, na kila mahali ambapo kiini kinagusa rejista patajitaja penyewe kwa kukataa kujengwa. Ukisafisha hapo, nenda RISC-V. Anza na kubadilisha kazi peke yake, bila UART wala LED. Rundo lipange kwenye baiti 16, maana mkataba wa kawaida wa RISC-V wa kuitana fanksheni unadai hivyo. Pigo la saa lipate kutoka mtime na mtimecmp, rejista za muda za RISC-V, ikiwa chipu yako inazo. Kisha andika kazi mbili ambazo kila moja inajaza rejista zake kwa namba zake maalumu, inazunguka ikizikagua, na inasimama papo hapo ikikuta hata moja imebadilika. Ziache zipokezane usiku kucha. Asubuhi zikiwa bado zinazunguka, unganisha UART.